Kadi ya njano ya Wilfried

Evodie, usicheke.

Leo wamekipa kiwanja cha mpira cha kartie yetu jina la Wilfried wangu. Wakaleta maua, wakayaweka golini! Golini, Evodie! Eti tunyamaze dakika moja, kama kwa marehemu.

Nikasimama. «Mutoto wangu askari alipotea vitani, hakuna aliyeona maiti yake. Ondoeni maua!»

Shefu wa kartie akanijibu mbele ya watu wote: «Mama, kiwanja hakipewi jina la muntu muzima!»

Njo kocha wake wa zamani akachukua jezi ya zamani ya Wilfried, akakivalisha kiti cha wachezaji wa akiba. «Basi leo anacheza.»

Refa akakimbia mpaka kwa kile kiti, akakionyesha kadi ya njano: «Umechelewa!»

Yesu wangu! Nilicheka mpaka nikalia. Amechelewa, Evodie. Niambie, mwenye kuchelewa si yuko njiani?