Harusi ya Idete kwa Simu

Alhamisi, 4 Julai
Asubuhi picha za pasipoti, wateja wawili. Kisha kaja baba mdogo wa Fortunata, bibi harusi wangu wa Jumamosi kule Idete. Ndiye mwenyekiti wa kamati. Kazungusha macho studio nzima, kauliza kamera iko wapi. Nikamwonyesha simu.
"Hapana, dada. Simu hata mimi ninayo."
Wamempata mpiga picha wa Morogoro, ana kamera kubwa. Kazi imeniponyoka. Nimeumia.

Ijumaa, 5 Julai
Fortunata kapiga simu, analia. Baba yake mgonjwa, hainuki kitandani, kanisani hatafika. Anataka picha naye nyumbani kabla ya misa, na nipige mimi. Kawabana kamati mpaka wamekubali: nyumbani tupige wote wawili, kanisani yule wa Morogoro peke yake. Naogopa. Nikiharibu, Ifakara nzima itajua.

Jumamosi, 6 Julai
Nimerudi. Miguu inauma, moyo unacheka.
Chumba kidogo, giza, ndugu wamejaa. Yule wa Morogoro kaanza. Mtu mpole, sina ubaya naye. Flashi ikawaka, mzee akafumba macho, akageukia ukutani. Hakutaka tena.
Zamu yangu. Simu mfukoni kwanza. Shikamoo baba. Nikawaomba ndugu watoke. Nikafungua dirisha, nikamkalisha Fortunata upande wa mwanga. Nikamuuliza mzee habari za mpunga. Akaeleza weee, akasahau kama kuna picha. Halafu akamtazama mwanawe ndani ya shela, akamshika shavu.
"Umekuwa mama yako kabisa."
Nikatoa simu taratibu, nikapiga picha.
Mwenyekiti akaitazama picha muda mrefu. Akajifuta macho. "Dada, twende wote kanisani."
Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Jumanne, 9 Julai
Kamati wamechagua picha ya kukuza. Yangu. Wateja wapya wanapiga simu tangu asubuhi.
Yule wa Morogoro naye kapiga, kauliza nilifanyaje pale chumbani. Nikamweleza. Kasema hata kamera yake ingeweza, kama angefungua dirisha. Kweli. Na zake za altareni ni kali kuliko zangu. Nilikuwa mbali, simu haikufika. Ikipatikana kamera kubwa nitaichukua. Kuisubiri, hapana.

Alhamisi, 11 Julai
Nimepeleka picha Idete. Mzee kataka itundikwe mbele ya kitanda. Nimepigilia msumari mwenyewe. Nimekaa naye kidogo, tukanywa chai, nikarudi.