Chanja ya Goreti

Rumonge

Mama yangu mpenzi,

Amahoro, kama wanavyosalimu huku, kutoka ng'ambo hii ya ziwa. Goti lako linasemaje, na paa la jikoni lilipata bati au bado mnapikia mvuani? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, ila usianze kulia, ni jua tu. Simu yako inakatika kila nikifika penye neno la maana, ndiyo maana naandika. Esta akusomee taratibu, asiruke.

Nimesikia umeshawatangazia majirani wote hapo Baraka kwamba binti yako amepata chanja ya kuanikia samaki. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuambia iko njiani. Mama, sikuipata. Nitakueleza kwa nini, na usinikasirikie kabla Esta hajafika mwisho.

Unajua tangu nifike hapa naanika ndagala zangu chini, juu ya mchanga, kama wote wasio na chanja. Zinakauka, ndiyo, lakini mnunuzi akionja moja anatema mchanga, na wewe mwenyewe kila nikikutumia unasema nataka kukumalizia meno yaliyobaki. Wenye chanja wanaanika juu, kwenye wavu wa chuma uliofungwa juu ya miti, upepo unapita chini, samaki wanatoka safi. Ufukwe ni mdogo na chanja haziongezeki. Sheria ya komite ya ufukwe ni kwamba chanja ikilala tupu siku saba, inapewa mwanamke wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Basi mwezi uliopita Goreti alianguka akigeuza samaki. Goreti ni mjane, kwao ni Kabezi, na chanja yake iko hatua mbili tu kutoka kwenye mchanga wangu. Alipelekwa hospitali, akapasuliwa tumbo. Wote walisikitika. Nami nilisikitika, halafu nikaanza kuhesabu siku. Nakuambia wewe kwa sababu ndiye uliyenizaa: nilifurahi. Siku ya tatu nilinunua wavu mpya, nikauegemeza ukutani nyumbani kungoja siku yangu.

Siku ya nne akaja Mama Zaina. Huyu ni Mwislamu wa hapa mjini, mkubwa wetu sote ufukweni, ndiye aliyenifundisha kugeuza ndagala bila kuzikata vichwa. Alikuja kunipa zamu ya kumpelekea Goreti chakula, maana hospitali mgonjwa hulishwa na watu wake, na watu wa Goreti wako mbali. Akauona wavu. Hakuuliza ni wa nini.

"Miye nilizaa watoto sita hapa Rumonge," akasema. "Kila mara nikitoka kitandani, nilikuta mutu kwenye chanja yangu. Mara sita nilianza tena chini."

Akaniachia sufuria, akaenda zake.

Nilisonga ugali wa Goreti kwa hasira, sijui hasira ya nani. Nilipofika hospitali Goreti alikuwa hawezi hata kukaa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nyota, chanja yangu iko na samaki?" Hakujua kwamba ninayefuata ni mimi. Nikamwambia iko nao. Nilimdanganya mgonjwa, Mama, na uongo ule ulinitafuna njia nzima ya kurudi.

Asubuhi yake nilichukua ndagala zangu zote nikazimwaga juu ya chanja ya Goreti. Kumbe wavu wake ulikuwa umetoboka katikati, nusu ya samaki ikaanguka chini. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikarudi nyumbani kuchukua wavu wangu mpya, tukaufunga mimi na Mama Zaina. Tangu hapo kila mmoja alileta beseni lake kwa zamu, na chanja haikulala tupu tena.

Siku ya saba mkubwa wa komite akaja na daftari.

"Hizi ndagala ziko za nani?"

"Ziko za Goreti," akajibu Mama Zaina.

"Goreti iko hospitali."

"Ndiyo. Mikono yake iko hapa, sisi."

Mkubwa akanigeukia. "Nyota, weye uko wa kwanza. Unaitaka ao hauitaki?"

Niliukumbuka mchanga, nikakukumbuka wewe na majirani zako. Nikasema, "Goreti hajakufa. Siwezi kumurithi mutu muzima."

Akamwita wa pili, naye akakataa. Wa tatu alijifanya hasikii. Ndipo akaniadhibu mimi niliyeanza: akaliandika jina langu upya, chini kabisa, nyuma ya wanawake waliofika juzi. Alipoondoka nililia mbele za watu, wala sikujificha.

Jumapili tulikutana uani kwa Mama Zaina. Tumekubaliana kwamba aliyelazwa, aliyejifungua na aliyefiwa, chanja yake tutaijaza sisi mpaka arudi. Na Jumatatu ijayo tunakwenda kwenye komite wote pamoja, wenye chanja na tunaoanika chini, kutaka sheria ile ifutwe. Wakikataa, siku hiyo hakuna mwanamke atakayepokea samaki mtumbwini, na ndagala haingoji mtu. Wenye mitumbwi wanasema tutachoka. Sisi tunachoka kila siku, na kesho yake tunarudi.

Goreti ametoka hospitali, anatembea ameshika tumbo. Aliuona wavu, akauliza, akaambiwa yote, hata lile nililotaka asiambiwe, kwamba niliununua kungoja chanja yake. Aliukagua wavu fundo kwa fundo bila kunitazama. Kisha akasogeza samaki wake upande mmoja. "Leta zako hapa," akasema. "Wavu uko wako, miti iko yangu."

Nisalimie baba mdogo na nyavu zake zisizokwisha kushonwa, bibi kitandani kwake, na wifi yangu. Mwambie kitenge chake sijakisahau. Esta nambusu kwa kusoma.

Majirani waambie ukweli, kwamba jina langu ni la mwisho kwenye orodha. Halafu fungua kifurushi kilichokuja na barua hii. Tafuna bila woga, Mama. Hazina mchanga.

Mwanao,
Nyota