Kabati lilipomsema mwenye nyumba

Ndugu yangu, weka chini ulichoshika, usome.

Studio yangu unaijua: kompyuta kitandani, maikrofoni ndani ya kabati la nguo, na mimi humo humo, maana makoti yanameza mwangwi.

Leo nimejifungia na hedifoni masikioni, narekodi ule wimbo wa bomba la maji. Si unakumbuka mwenye nyumba alivyoapa kikaoni mbele ya wapangaji wote kwamba halijawahi kupasuka, nami sina ushahidi? Basi nabwata, "Miaka sita linavuja, mwenye nyumba anakana!"

Kumbe mwenyewe kaja kuuliza kelele za nini. Mke wangu kamwambia sipo.

Sipo, na kabati linaimba.

Nafungua mlango nivute pumzi, uso kwa uso naye. Amekaa kitandani kwangu, katulia. Gauni la mke wangu liko begani kwangu.

Akasema taratibu, "Si sita, ni saba. Lilipasuka mwaka niliomwoza binti yangu."

Yule anisahihishe mimi tarehe? Nimebishana naye nusu saa kwamba ni sita. Akanitajia mpaka mwezi.

Alipoondoka mke wangu akauliza, "Baba watoto, hicho kitaa chekundu cha maikrofoni bado kinawaka cha nini?"

Kumbe maikrofoni ilikuwa bado inarekodi.

Kiitikio kimepatikana. Anaimba mwenye nyumba mwenyewe.