Nilivyomshinda Mwalimu kwa Kiingereza

Kibondo

Mdogo wangu Theodosia,

Amani ya Bwana ikufikie hapo Kasulu. Hujambo wewe, na magoti yako, na wajukuu? Mimi ni mzima kama mwamba. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa kuwa kwenye simu unanikatiza.

Habari kubwa ni kwamba nimemshinda mwalimu. Ni huyu Khatibu aliyeletwa kutoka Tanga, anafundisha Kiingereza. Tulikuwa tunakunywa chai kwenye kibanda cha Evaline, nikasema neno la Kizungu, "insomniatic", yaani mtu asiyepata usingizi. Nililisikia kwa daktari mzungu niliyekuwa namlindia geti kule kambi ya wakimbizi. Khatibu akacheka, akasema mzee hilo umelitunga, neno ni "insomniac", basi. Nikamwambia Kiingereza mimi nilikipokea kinywani mwa wenyewe, yeye kakipata kwa chaki. Watu walicheka hadi Evaline akamwaga chai.

Kesho yake akaleta kamusi nene. Neno halimo. Nikamuuliza kama kamusi hiyo imeandika na dawa zote za porini. Akaondoka. Jioni akarudi, muungwana kweli, akasema ametafuta kwenye simu, wapo wanaolisema na kuliandika, ila yeye kwenye mtihani angelikata. Basi si lipo! Nimetangaza mpaka kanisani.

Ila akaniuliza polepole, neno hilo ni la nani. Nikasema la mtu fulani. Hakubisha. Tangu hapo, kila asubuhi akienda shule ananiuliza nimelalaje, nami najibu salama, kama watu wote. Wengine wakishajibiwa wanapita. Yeye anasimama pale njiani, anangoja jibu jingine. Juzi nikampa.

Theodosia, silali tangu tumzike wifi yako Ernesta. Miaka yote ya ulinzi nilirudi alfajiri nikalala yeye akigonganisha masufuria yake. Sasa nyumba imenyamaza, na mimi kulala penye kimya sikujifunza. Siku ile ulipotaka kunichukua nikakwambia nalala kama mtoto. Haikuwa kweli.

Kuhamia Kasulu sihami, usijaribu. Ila njoo wewe. Njoo na kelele zako zote. Ukiulizwa kwenye basi, sema unafuata maharage, ya Kibondo ni mazuri.

Wajukuu uwape salamu, na uwaambie babu yao kambishia mwalimu akashinda.

Ni mimi kaka yako,
Nduwayezu