Karoti za Mkwe kwenye Skrini ya Sebuleni

Mshauri wangu mpendwa, salamu nitakupa mwishoni nikijaliwa kufika, kwanza naomba uninusuru, maana maji yamenifika shingoni, na mimi ni fundi bomba, maji nayajua.

Nina binti mmoja, msomi, mwenye huruma, ambaye mwaka huu amechumbiwa na kijana mwenye adabu zake, na huyu binti aliniona nahangaika na simu yangu kubwa ambayo kazi yake ilikuwa kupiga na kupokea tu, akasema, "Baba, hiyo simu ni ofisi nzima, wewe umeigeuza kengele," akakaa nami sebuleni akaniwekea programu moja baada ya nyingine, ya ramani ya kunifikisha kwa wateja bila kuuliza kila duka, ya kuandika ninachosema maana mikono yangu muda wote imelowa, hata ya pima maji, mshauri, unalaza simu juu ya sinki inakuambia limeinama upande gani, nikafurahi kama mtoto, halafu akaiunganisha simu na kompyuta ya nyumbani ili picha ninazopiga zihamie huko zenyewe, simu isijae, na kompyuta nayo akaiunganisha na skrini kubwa ya sebuleni. Akaniambia, "Picha za kazi, baba, ziweke kwenye folda yake." Nikamwambia sawa. Sikuziweka.

Ujue kila kazi napiga picha kabla na baada, mteja asije akaniruka kwamba sikufanya kitu, kwa hiyo simu yangu ina vyoo vingi kuliko watu. Sasa siku moja mkwe wangu, yaani baba yake huyo kijana, akanipigia kwa sauti ya chini, "Choo chetu kimeziba, njoo sasa hivi, mke wangu katoka," nikaenda, nikafunua chemba ya maji taka nyuma ya nyumba, nikaingiza waya, na kilichotoka, mshauri, sitii chumvi, kilikuwa karoti. Karoti za kuchemsha, hazijaguswa na jino, na kila moja imechongwa umbo la ua. Nikamtazama mkwe, mkwe akatazama ukuta. Mwishowe akaniambia kwamba daktari amemkataza chumvi na mafuta kwa ajili ya presha, mkewe anampikia vya kuchemsha, vya nyumbani na vya kufungasha kwenda kazini, anakaa na kisu kidogo anachonga karoti maua moja moja ili mzee avutiwe kula, na mzee kila jioni huchukua sahani akasema anakwenda kula chumbani akisikiliza redio, na chumba chao kina choo cha ndani, basi unaelewa. Akanishika mkono akasema, "Mkwe, hili libaki humu humu kwenye chemba." Nikala kiapo. Picha nilikuwa nimeshapiga, karoti zikiwa juu ya glavu yangu, kwa mazoea tu, wala sikuikumbuka.

Wiki iliyopita mkwe na mkewe walikuja kwetu kupanga mambo ya harusi, sebule imefagiwa, vikombe vya wageni vimetolewa, binti akawaonyesha picha za mahafali yake kwenye skrini, wakapiga makofi, kisha akaenda jikoni kuongeza chai na kompyuta ikabaki haina wa kuigusa, nayo ikaamua yenyewe, mshauri, yenyewe kabisa, kinanda kikaanza kulia taratibu na maandishi ya dhahabu yakatokea, "Nyakati Zako Nzuri za Mwaka Huu." Kikaja choo cha shule. Likaja sinki lenye ufa. Ikaja koki iliyoshika kutu, imesogezwa karibu ili uione vizuri, mke wangu anatafuta rimoti chini ya mito, mimi nimesimama mbele ya skrini kuiziba na mwili wangu, lakini skrini ile ni pana kuliko mimi, na kwa pembeni, polepole, kinanda kikipanda, zikaja karoti.

Mke wa mkwe aliweka kikombe chini, akainuka, akaisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kugusa. Akasema, "Hizi karoti ni zangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwona mkwe amenikazia macho, nikasema haraka, "Hapana mama, hiyo ni nyumba nyingine kabisa."

"Nyumba ya nani?"

"Ya mteja."

"Mwanamke?"

Mshauri, sijui nilipatwa na nini, nilisema ndiyo.

Akamgeukia mumewe, na sauti yake haikuwa ya kufoka, afadhali ingekuwa. "Yaani chakula ninachokufungia kwenda nacho kazini, ninachokichonga kwa mkono wangu mpaka vidole vinakufa ganzi, unampelekea mwanamke mwingine?" Wakaondoka bila kumaliza chai, na binti yangu akatoka jikoni na birika mkononi akauliza kimetokea nini.

Kesho yake nikampigia mkwe nikamwambia twende tukaseme ukweli, akakataa katakata. "Afadhali anione mhuni kuliko anione mtoto," akasema. "Mhuni watu wanakaa chini wanampatanisha na mkewe. Mwanamume mzima anayetupa karoti chooni atachekwa mpaka siku ya mazishi yake. Shikilia hapo hapo, mkwe, usilegee, la sivyo mwanangu haoi kwako." Mkewe naye, nilipojaribu kumtuliza kwamba huyo mteja huchonga karoti zake mwenyewe, anasema harusi haisogei mpaka huyo mchonga karoti aletwe mbele yake, na ananipigia kila siku ananiambia nimtumie ramani ya hiyo nyumba, amesikia simu yangu inaweza. Nikafikiri nimwombe dada yangu ajifanye ndiye huyo mteja, akakubali kwa sababu ananipenda, tukakaa jikoni na kisu kujifunza kuchonga, maua yake yanatoka kama meno ya bandia. Mke wangu ananiambia nitupe simu nirudi kwenye ya vitufe. Binti yangu haongei na mimi, na jana nimemwona akilikunja gauni lake la harusi akilirudisha kwenye mfuko, mshauri, ndipo nikaamua kukuandikia.

Nisaidie, niushikilie uongo ili harusi iwepo, au niseme kweli nivunje kiapo, na hizi programu nizifute zote au vipi? Nimekuja kwako kwa sababu mke wa mkwe anaipenda sana safu yako, kila Jumamosi mchana huisoma kwa sauti mezani mumewe akiwa anakula, nina hakika maneno yako atayasikia. Tafadhali usitaje jina langu. Salamu nyingi.

Ni mimi Fundi Bomba, baba wa bibi harusi, kama bado yupo.

Mshauri anajibu

Fundi, pole kwa yaliyokukuta, na pole zaidi kwa uliyojitafutia. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini, halafu nikafika pale binti yako anapokunja gauni, nikaacha kucheka.

Tuanze na simu, maana katika kisa chako chote ndiyo peke yake isiyo na kosa. Kuunganisha simu na kompyuta si kuwa na makabati mawili. Ni kabati moja lenye milango miwili: unachokiweka kwa mlango huu kinaonekana kwa mlango ule, na unachokifuta huku kinafutika na kule. Binti yako alikuambia folda, ukasema sawa, ukaenda zako. Sasa mwombe radhi, kaa naye tena, fungueni mipangilio ya ile programu ya picha, mtaona folda zinazohamishwa kwenda kwenye kompyuta, picha za kazi mzihamishie kwenye folda yake, na folda hiyo muiondolee alama. Kisha kwenye kompyuta, pale panapochaguliwa picha za kuonyeshwa skrini ikiwa imeachwa, chagueni albamu moja tu, ya mahafali, na kile kipengele cha kukutungia "nyakati nzuri" mkizime. Mwaka wako umekuwa wa vyoo, fundi, huhitaji kinanda kukukumbusha. Na picha za ndani ya nyumba za watu, mteja akisharidhika na kazi, zifute. Hapo ndipo ule mlango wa pili utakusaidia badala ya kukuumbua.

Simu ya vitufe mwambie mkeo asahau. Mtu mwenye ramani, pima maji na mwandishi wa bure mfukoni harudi nyuma kwa sababu ya karoti.

Haya, sasa uongo. Uliulizwa nyumba ya nani, ukasema ya mteja. Hapo ungefunga mdomo ungepona. Uliulizwa mwanamke, ukasema ndiyo! Ndiyo ya nini, fundi? Nani alikutuma? Ulitaka kuficha sahani moja ya mboga, ukamzulia mama wa watu mke mwenza, na si mke mwenza wa kawaida, bali anayechonga maua yale yale kama yeye. Halafu badala ya kumfuta umeanza kumtafutia sura. Dada yako mwache apumzike, na kile kisu mkirudishe kwenye droo. Angefaulu kuchonga leo, kesho mngemtafutia nyumba, keshokutwa mngemtafutia mume.

Unaniuliza kuhusu kiapo. Ulikula kiapo cha kutosema kilichotoka kwenye chemba, na hicho kishike, sikuambii ukivunje. Lakini hukula kiapo cha kumsingizia mtu umalaya, hata akikuomba mwenyewe. Kwa hiyo kazi yako ni sentensi moja kwa yule mama, wala usiiongezee: "Mama, hakuna mwanamke, nilidanganya kwa hofu, nisamehe, yaliyobaki muulize mzee." Ukimaliza, nyamaza. Akikuomba ramani, mtumie ya kwake mwenyewe.

Ila kabla ya kumpigia mama, nenda kwa mkwe wako ana kwa ana, si kwa simu. Anasema mhuni hupatanishwa na mkewe na mtupa karoti huchekwa. Mwambie mimi niko kwenye kazi hii miaka mingi na nimeona wahuni wengi wasiopatanishwa, lakini sijaona ndoa iliyovunjwa na mboga. Atachekwa, ndiyo. Atachekwa Jumapili, Jumatatu atakuwa amezoea. Lakini mke anayekaa na kisu kidogo kuchongea mumewe maua, kila siku, kwa ajili ya presha yake, yule mwanamke anaogopa. Anaogopa kubaki peke yake. Na mzee anavuta maji juu ya hofu hiyo na kurudi kitandani kusikiliza redio. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze. Choo kikiziba tunakuita wewe. Mshipa wa kichwani ukiziba, hakuna anayekuja na waya.

Kama chakula hakina ladha, aseme hakina ladha. Mkewe hawezi kujua kwa kuangalia sahani tupu. Waende kwa daktari pamoja, waulize kama ndimu, tangawizi na pilipili manga zinaruhusiwa. Na chakula cha mchana kile cha kazini, naye amwambie mkewe ni mlinzi gani wa kazini anayekila mpaka amenenepa. Halafu wewe, kwa kuwa simu sasa unaijua, mwekee mzee programu ya kuandika kipimo cha presha kila asubuhi, binti yako aiunganishe na simu ya mama, ili mama aone namba kwa macho yake badala ya kuhesabu maua. Milango miwili kwa kabati moja, unaona? Hapa ndipo penyewe.

Sasa la mwisho, na hili lisikie vizuri. Unaniambia mama yule huisoma safu hii kwa sauti mezani, kisha kwenye mstari unaofuata unaniomba nisitaje jina lako. Sijalitaja. Lakini wanawake wangapi mjini wanachonga karoti maua na wamemposea kijana wao kwa fundi bomba? Kosa ulilolifanya kwa picha umelirudia kwa barua. Nilikupigia kukuuliza kama kweli unataka niichape, ukasema, "Chapa tu, mshauri, nimechoka." Nikakuelewa. Ulitaka gazeti liseme kile ambacho mdomo wako umeshindwa, ila mimi sitakubali limtangulie mzee.

Kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwenye simu yako leo, Jumatatu. Gazeti linatoka Jumamosi. Usijibu ujumbe huu, usinishukuru, vaa viatu uende ukamwonyeshe mkwe wako, umwache alisome mwenyewe mpaka hapa, kisha umtolee binti yako lile gauni kwenye mfuko ulitundike lisikunjamane.

Jumamosi mchana mama atafungua ukurasa huu na kuanza kusoma kwa sauti, na mbele ya mzee kutakuwa na sahani. Akifika kwenye neno karoti, nataka mzee awe ameshamwambia kila kitu, na awe anatafuna.