Jumamosi ya Kuchagua Kahawa

Jumamosi, Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyokulowesha na wala hayakuachi ukauke. Hali yangu leo: hakuna.

Naandika "hakuna" kwa sababu sijapata neno lingine. Si huzuni. Huzuni naifahamu, nilikuwa nayo babu alipofariki, na ilikuwa na machozi na hamu ya kukaa karibu na watu. Hii haina chochote. Ni kama mkono ulioulalia usiku. Unauona ni wako, unaufinya, hausikii.

Kwa anayefika kwenye shajara hii ya mtandaoni mara ya kwanza: mnamo Septemba mimi na mume wangu Njeru tulimpoteza mtoto. Mimba ilikuwa imefika miezi saba. Msichana. Alizaliwa akiwa ameshaenda, na nesi aliponiuliza kama nataka kumwona, nilisema hapana. Njeru alimwona. Maziwa yalikuja siku chache baadaye, maskini, hakuna aliyeyapa habari.

Kuna jambo la jina ambalo lazima nilieleze, la sivyo ya leo hayataeleweka. Hapa Embu, kwa watu wa Njeru, jina la mtoto haliulizwi. Binti wa kwanza ni wa mama ya baba, basi. Kwetu Laare, upande wa Meru, hatushikilii sana, mtoto anaweza kupewa jina la furaha au la mvua iliyonyesha siku hiyo na hakuna atakayekununia. Huku, kipimo kikishasema ni msichana, jina lipo tayari, limevaa gambuti za shambani, linakama ng'ombe. Mama mkwe alicheka siku ile hadi akakaa chini. Alisema sasa atazaliwa tena akiwa na meno yote.

Kwa hiyo mtoto wangu alikuwa na jina kabla hajafika. Na hilo jina bado linaitwa kila siku huko kijijini, na mwenyewe anaitika.

Sijaliandika hapa hata mara moja. Vidole vinakataa.

Mtoto aliyezaliwa vile hana matanga. Watu hawaji na sufuria, viti vya plastiki havikodishwi, na jina hapewi. Huzikwa haraka na watu wachache, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Mimi nilikuwa bado nimelazwa. Njeru na mama yake ndio walimpeleka nyumbani kwa mama mkwe, kijijini upande wa Manyatta, na wazee wawili wa ukoo. Walimweka wapi, sikuuliza. Wao hawakusema. Tangu hapo mama mkwe hajakanyaga kwetu mtaani Dallas, hapa mjini Embu, yeye ambaye alikuwa akija karibu kila siku ya soko na maziwa kwenye chupa ya soda.

Watu wamenipa dawa za kutuliza mawazo, nami nimezijaribu zote kwa utii.

Mwenzangu wa kwaya alinitumia sauti kwenye simu akinifundisha kupumua. Vuta, shikilia, achilia. Nilivuta, nikashikilia, nikaachilia. Jirani wa ploti, Mama Brayo, alisema nifue huku nikiimba, basi nikafua hata mapazia yaliyokuwa safi. Mke wa pasta alisema nitembee jioni, nami nikawa natembea hadi karibu na mahakama na kurudi, nikiwasalimu watu ambao baadaye siwakumbuki. Nimekunywa chai ya tangawizi hadi ulimi ukakinai. Dada yangu kule nyumbani alisema niombe. Kaka yangu, ambaye dawa yake ya kila ugonjwa inaota shambani kwake, alisema anaweza kunitumia kashada kamoja ka miraa ili mawazo yatoke. Nilimwambia shida si mawazo kuingia. Hakuna hata moja linalobisha hodi.

Sizibezi hizo dawa. Kupumua kwenyewe kulinisaidia kupata usingizi. Lakini zote zinamtuliza mtu aliyechafukwa, na mimi nimetulia. Nimetulia hadi naogopa.

Hapana, sijasema ukweli. Siogopi. Najua tu kwamba ningepaswa kuogopa.

Pale agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo ninapofanya kazi, mzee aliomba dawa ya kuku nikampa mbegu za sukuma. Alicheka akasema hao kuku watashiba. Nami nilicheka, mdomo unajua kazi yake.

Aliyeniogopa ni Njeru. Yeye analia. Anafungua maji bafuni ili nisimsikie, na mimi nakaa kitandani nawaza kuhusu maji yanayomwagika bure. Jumatano tulikuwa tunakula. Aliweka kijiko chini akaniuliza, bila hasira, "Kendi, huyu mtoto wewe hakukuuma?"

Nilitafuta jibu kwa dhati. Nilitafuta kama mtu anavyotafuta funguo, mfuko huu, mfuko ule. Nikamwambia ale kabla chakula hakijapoa. Tangu Jumatano ananiongelesha kama mgeni, kwa adabu. Najua ndoa zinazokufa kwa makelele. Sikujua zinaweza kufa kwa adabu.

Leo asubuhi mama mkwe alimpigia Njeru simu. Kahawa imeiva yote kwa mpigo na wachumaji wamekuwa adimu, kwa hiyo tuende tumsaidie. Njeru alikuwa ameitwa mahali kurekebisha nyaya za stima, hivyo nikaenda peke yangu. Sikwenda kwa wema. Nilikwenda kwa sababu mikono yangu ilikuwa imekosa pazia la kufua.

Tulichuma hadi saa tano hivi bila maneno mengi. Mama mkwe huniongelesha Kiembu, mimi humjibu Kimeru, na tukikwama tunakutana kwenye Kiswahili. Leo hatukukwama kwa kuwa hatukusema. Kisha tukapeleka magunia fakitori, kiwanda cha kahawa cha kijiji, tukamwaga kahawa juu ya turubai kama wenzetu, tukakaa chini kuchagua.

Asiyejua kahawa ajue hili. Karani hapimi ikiwa imechanganyika. Kila mkulima hukaa na kahawa yake, anatoa za kijani, anatoa zilizokauka zikawa nyeusi, anatoa majani, anabaki na nyekundu tupu. Ni kazi ya vidole na macho. Mnakaa mkitazama chini, bega kwa bega, na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Ndiyo maana fakitori ndiko mambo ya kijiji husemwa.

Nilikuwa nimezama. Nyekundu, nyekundu, ya kijani, tupa. Nikasikia mama mkwe akisema kwa Kiswahili, lugha ambayo hutumia tu akitaka nielewe kila neno.

"Kendi, wewe hujaniuliza."

"Kukuuliza nini, Mami?"

"Penye tulimweka."

Vidole vyangu viliendelea na kazi. Vyake pia.

"Nilikuwa nangoja uniulize. Sikuwa nataka kukulazimisha. Halafu ukanyamaza sana, nikasema labda huyu msichana hanitaki, juu ya hilo jina. Nikikuja huko kwenu mtu ataniita, na wewe utasikia. Ndio nikaona nikae kwangu."

Sikujua. Wiki zote hizi nilidhani amenikasirikia kwa kupoteza kitu chake. Kumbe alikuwa anajificha ili nisilisikie jina.

"Ni hapo kwa ndizi," akasema. "Hapo chini ya nyumba. Jua linafikanga hapo asubuhi kabla ya kwingine. Nilimfunga na ile shuka yangu ya maua, hiyo ya kanisa."

Naijua hiyo shuka. Hakuna anayeruhusiwa kuikalia.

"Wazee walisema asiitwe. Ati mtoto mwenye hakulia haitwi, ukimwita ni kama unaita mwingine amfuate. Mimi nilinyamaza, nitasema nini na wao ni wazee? Lakini Njeru alipoinama kuchukua jembe, nikainama pia. Nikamwambia pole pole, 'Wawira, ni mimi Wawira. Usiogope.'"

Akatoa kahawa ya kijani, akaitupa kando.

"Sikutaka aende kama hajaitwa na mtu," akasema. "Hiyo tu. Kama ni makosa, ni yangu."

Ningependa kuandika kwamba nililia. Ingekuwa shajara nzuri. Sikulia. Kilichotokea ni kwamba nilisikia miguu yangu ina maji. Viatu vilikuwa vimeingiza maji tangu asubuhi tukiwa shambani, na soksi zilikuwa zimelowa muda wote huo, na mimi sikuwa na habari. Sasa nikasikia baridi. Ilianza vidoleni, ikapanda hadi magotini, nikaanza kutetemeka pale juu ya turubai mbele ya kijiji kizima. Mama mkwe alivua sweta yake akanifunika miguu bila kuuliza. Baridi ile iliuma. Ni kitu cha kwanza kuniuma tangu Septemba na sikutaka iishe.

Foleni ikasogea. Karani akaita kutoka kwenye mizani, "Wawira!"

Mama mkwe hakuitika. Aliendelea kutazama chini, vidole vimesimama. Karani akaita tena, na watu wakaanza kugeuka. Nikaelewa kwamba hataitika nikiwa pale. Angeiacha kahawa yake ya msimu kwenye turubai inyeshewe.

Mke wa mtu hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Ni utovu wa adabu, na huko kwetu Laare pia ni hivyo. Kwa miaka yote hii nimemwita Mami.

Nikasema, "Wawira."

Sikuwa namwita yeye. Alijua. Aliweka mkono wake, wenye utomvu wa kahawa, juu ya ile sweta iliyofunika miguu yangu, akaukandamiza kidogo. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sasa hata wa turubai la pili alisikia, "Wawira anaitwa, Mami. Itika."

Akaitika. Tukainua gunia, yeye huku mimi kule, tukaenda kupimiwa.

Baadaye alinipitisha kwenye ndizi. Hakuna cha kuona, ni udongo uliokaa vizuri na jiwe moja la mtoni lililooshwa na mvua. Alinionyesha jua linapoingilia, ingawa leo halikuwepo. Kisha akanipa maziwa kwenye chupa ya soda, akasema Jumanne atakuja sokoni na atapitia kwangu, nimpikie chai isiyo na hiyo tangawizi yangu.

Sasa ni jioni. Nimeanika soksi kando ya jiko na naandika nikiwa nimejifunika blanketi. Sijapona, asiseme mtu kwamba nimepona. Sehemu kubwa yangu bado imelala. Ila miguu inawasha, kama ule mkono unapoanza kurudiwa na damu, na hiyo si raha hata kidogo.

Jina la binti yangu ni Wawira. Nimeliandika, vidole vimekubali.

Njeru amerudi. Yuko nje anaosha pikipiki ambayo ni safi. Hiyo ndiyo dawa yake, na leo ndiyo nimeitambua. Swali lake la Jumatano bado liko mezani na jibu lake ninalo, lakini nitaanza na langu, lile nililopaswa kumuuliza siku ile hospitalini. Nikiweka simu hii chini nitatoka nje bila viatu, nimguse begani, nimuulize binti yetu alikuwa amefanana na nani.