Nilipiga Kampeni Nikiwa Nimefumba Macho

Jumatano, Novemba. Makambako.

Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Upepo ndio umefanya kazi, vumbi limeingia mpaka kwenye cherehani. Nimerudi kutoka mkutanoni, nimekaa tu, hata jiko sijawasha. Nina aibu.

Acha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Leo wagombea wa uenyekiti wa mtaa wetu walikuja kujieleza. Wako wawili. Mmoja ni Eliudi, tunasali naye kanisa moja, au niseme tumeanza kusali naye kampeni zilipokaribia. Mwingine ni Mama Zuhura, jirani yangu, Mwislamu, tuliyepakana naye ua kwa ua tangu nilipoolewa. Mikutano yetu hufunguliwa kwa sala: Mkristo anaomba, kisha ustadhi anafuata na dua. Leo ustadhi alikuwa amesafiri, kwa hiyo wakaniita mimi, mzee wa kanisa, niombe kwa niaba ya wote.

Kwa niaba ya wote. Nilisikia vizuri kabisa.

Nilianza salama. Nikashukuru kwa uzima, nikaombea mvua. Watu wameinamisha vichwa, wanaume wamevua kofia. Halafu nikasema, "Baba, usiruhusu mtaa huu uongozwe na mtu asiyemjua Mwanao." Upande waliokaa wanakwaya wakaitikia amina kwa nguvu. Basi nikaongeza. Nikaomba tupewe kiongozi anayepiga magoti pale tunapopiga sisi, mtoto wa nyumbani, na kila walipoitikia nikazidi kupanda. Niliona raha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mtu akihutubia, unaweza kumzomea au kumwuliza swali. Akisali utafanya nini? Utafumba macho umngoje amalize.

Nilipofumbua yangu, wa kwanza kumwona alikuwa Mama Zuhura. Amesimama mbele, viganja wazi kifuani, kwa adabu ileile anayokuja nayo kwenye misiba yetu. Naye aliitikia amina.

Mama Zuhura kazaliwa Mdandu kama mimi, na Kibena chake ni kizuri kuliko changu. Sijui hiyo "nyumbani" niliyokuwa naisema ni ipi. Kiangazi pampu ya maji ilipokufa, yeye ndiye aliyepanda gari kwenda Njombe, akakaa kwenye benchi la ofisi mpaka jioni, kesho yake akarudi tena, hadi akaja na fundi. Maji yalipotoka nilikuwa miongoni mwa waliowahi na ndoo.

Na Eliudi? Biashara yake ya mbao iko Njombe na siku nyingi analala huko. Mwezi uliopita nilipeleka sare za shule Njombe, nikamwuliza mama mmoja anayesali kanisa la jirani na kwake kama huwa wanamwona.

"Nani, Eliudi?" akacheka. "Huyo tunaonana naye kwenye harusi, dada yangu."

Nilicheka naye. Kwa hiyo nilijua. Nilisimama mbele ya watu nikamweleza Mungu habari za mtu ambazo mimi mwenyewe siziamini. Eliudi alipopewa nafasi leo, alisema "Bwana Yesu asifiwe" mpaka tukachoka kuitikia, na alipoulizwa kuhusu maji akajibu kwamba tumtangulize Mungu kwanza. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Tulipokuwa tunatawanyika, Mama Zuhura alinipita karibu akanishika bega.

"Leo umeomba kwa kirefu, Mama Tumaini," akasema, kisha akawahi kwenda kuanua nguo zake.

Nikamwambia asante. Asante, jamani.

Nimefika nyumbani, simu ikaita. Mzee Shabani, mume wa Mama Zuhura, yule mstaafu wa reli. Nikajua sasa naambiwa ukweli wangu.

"Shemeji, habari za jioni. Hiyo Jumamosi nije saa ngapi?"

Jumamosi tunafanya kumbukumbu ya marehemu mume wangu. Ametimiza mwaka. Mbuzi nimeshamfunga nyuma ya nyumba. Hapa kwetu, hata shughuli ikiwa ya Wakristo, tunamwita Mwislamu achinje, ili kila atakayekuja ale bila wasiwasi. Mzee Shabani ndiye aliyemchinja ng'ombe wa msiba wa mume wangu, akanawa mikono, akachukua jembe akaenda na wenzake kuchimba kaburi. Sijasikia mchungaji hata mmoja akisema imani yetu imepungua kwa ajili ya hilo.

"Saa moja asubuhi, shemeji," nikamjibu.

"Haya. Nakuja na kisu changu, hicho chako ni butu."

Akakata simu.

Tangu hapo namfikiria yule mbuzi. Chakula cha shughuli tunakiandaa ili asiwepo wa kubaki nje, na tunaona ni ustaarabu wa kawaida. Ikija zamu ya uongozi, tunaanza kuulizana nani anasali wapi. Mwenyekiti wa mtaa haongozi ibada. Anaandika barua ya mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Ilembula, anaamua ugomvi wa mipaka, anafuatilia maji. Kazi hizo nataka apewe anayeziweza, na dini yake ibaki kati yake na Mungu wake. Shuleni tulikariri kwamba serikali haina dini, nikapata vema kwenye daftari. Leo nimelitumia jina la Mungu kumnyang'anya jirani yangu kura, nikaita ibada.

Kesho asubuhi nitakwenda kwake. Najua atakachofanya: atanimiminia chai, atasema yameisha. Lakini nilimvunjia heshima mbele ya mtaa mzima, siwezi kwenda kuomba radhi jikoni kwake tukabaki tunaijua wawili.

Ijumaa ndio mkutano wa mwisho kabla ya kura. Nitaomba dakika moja. Wazee wenzangu wa kanisa watanuna, na huenda nikaambiwa nipumzike uzee wa kanisa. Naogopa, sitadanganya.

Wakiniona nimesimama tena pale mbele, watadhani ni sala na watainamisha vichwa. Nitawaambia wainue, wanitazame.